Mjadala: Nchi ifunge mlango wa chakula cha nje?

Mpika mahamri, Malindi
Mimi nasema ifunge, tulime wenyewe. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, unga wa ngano ukapanda hapa, maana ngano yetu nyingi hununuliwa nje na hao wawili walikuwa wauzaji wakubwa. Sijakaa sawa, Aprili Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke, eti raia wake kwanza. Karai moja, pigo mbili. Bei sikupandisha, nilipunguza donge. Wateja waligundua asubuhi ile ile, na muuza mbaazi akanicheka.

Mtu wa Shela
Dada, pole, lakini ngano ya Narok haitoshi, na ukifunga leo unga utapanda kesho. Tena anayefunga mara nyingi ni muuzaji! Julai 2023 India ilizuia mchele mweupe usio basmati. Wanunuzi wakakimbilia Thailand na Vietnam, na huko nako bei ikapaa, ingawa amri ilikuwa ya India. Kwa hiyo hata asiyenunua India alilipa. Sisi Lamu bila wali hatujala.

Kijana wa Casuarina
Mmeng'ang'ania chakula tu. Na Mwitaliano je, mtalii wetu wa Malindi? Utalii pia ni kuuza nje, ila mnunuzi hufuata mzigo mwenyewe. Machi 9, 2020 Italia ilitangaza kufunga nchi nzima kwa sababu ya korona. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13. Hoteli ikikosa mgeni, kamba koche wa mvuvi hana pa kwenda, dobi hana shuka za kufua, wa tuktuk analala kivulini. Hapo utafunga mlango gani? Shida yetu ni kutegemea mtu mmoja, awe muuzaji au mnunuzi. Tutafute Wapolandi, Wahindi, na Wanairobi wenyewe, wasiwe wa Desemba tu.

Mtu wa Shela
Hapo nakuunga mkono. Na kwenye nafaka ni vivyo hivyo: nunua kwa wengi, weka akiba ghalani. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kupiga meli Bahari ya Shamu, nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika. Safari ikarefuka, nauli ya kontena ikapanda. Ungekuwa na akiba, ungesubiri.

Mpika mahamri, Malindi
Akiba sawa. Ila ghala hilo linalipiwa na nani? Mkiniambia kodi itaongezwa kwenye unga, mimi bado nimesimama pale pale.