Riwaya ya vijana: kwa miguu kutoka Matema hadi Kalenga, 1898. Shida zipi zitaaminika?

MwanaKyela
Habari za humu wakuu. Naandika riwaya ya vijana wa sekondari. Mvulana wa miaka 15 na dada yake wa 13 wanaondoka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, mwezi Julai 1898, wanapanda safu ya Livingstone, wanapita Kitulo, Ukinga na Ubena, wanakwenda Kalenga kumtafuta baba yao. Njiani nimeweka mvua ya siku tatu Kitulo, mto uliofurika, maua yamejaa uwanda wote, halafu simba. Rafiki aliyeusoma muswada anasema shida ni nyingi lakini haogopi hata moja. Pia nataka Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aonekane. Naomba ushauri wa kazi, si wa kunitia moyo.

Tembea_Makete
Mkuu, tatizo la kwanza ni kalenda. Mvua za huko huanza Novemba na kukatika kuelekea Mei. Maua ya Kitulo ni ya Desemba hadi Aprili. Julai uwanda ni majani makavu ya rangi ya kahawia, upepo, ukungu, na alfajiri umande umeganda juu ya nyasi. Mito iko chini. Kwa hiyo mvua, mafuriko na maua vyote vitoke, au safari yote uihamishie Machi.

Mimi ningebaki Julai, kwa sababu baridi inatosha kuua na vijana wengi hawajaisoma kwenye riwaya. Matema iko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Kitulo ni zaidi ya 2,600. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka karibu nyuzi 6. Walioondoka ziwani na kaniki moja kila mtu watakuta tofauti ya nyuzi 13 hivi, na usiku ni zaidi. Mtembeaji mzoefu huongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, juu ya muda wa kutembea tambarare. Hapo kupanda peke yake kunakula karibu saa nne. Watoto wenye mizigo wape siku mbili, walale katikati ya mteremko.

Namna baridi inavyomshika mtu: anatetemeka, vidole vinashindwa kufunga fundo, anajikwaa, maneno yanakuwa mazito. Kisha kutetemeka kunakoma. Hapo ndipo pa kuandika sura yako! Kaka anadhani dada amepata nafuu, kumbe ndiyo hatari yenyewe. Kinachosaidia ni kumvua nguo zenye unyevu, kumkinga upepo, kumkumbatia kifuani, na uji wa moto ikiwa bado anaweza kumeza. Kumsugua mikono na miguu kunadhuru.

Simba mtoe. Kama lazima awepo mnyama, weka chui, na asikike tu.

Mhariri_Mlandege
Kamwene. Nasema juu ya Mkwawa, maana hapo ndipo waandishi wa riwaya za safari na waandishi wa wasifu wanapogongana.

Yanayojulikana ni haya: Lugalo, Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski kilishindwa na yeye mwenyewe akauawa. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894. Baada ya hapo Mkwawa aliishi porini karibu miaka minne, Wajerumani wakaahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake, na tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe. Fuvu linaloaminika kuwa lake lilirudi kutoka Ujerumani 1954 na liko Kalenga.

Sasa tazama tarehe zako. Watoto wakitoka Matema mwanzoni mwa Julai, na kutoka Njombe hadi Iringa pekee ni zaidi ya kilomita 200, watafika amekwisha kufa au siku zilezile. Usimtie maneno mdomoni. Waache wamsikie kwa watu. Tena wasifu wa mtu mkubwa mara nyingi unasahau aliyepika na aliyebeba maji wakati shujaa anajificha. Riwaya yako inaweza kukaa palepale, kwa watu waliomlisha kwa siri.

Na hii ndiyo shida kubwa kuliko chui: Wajerumani walichoma vijiji na kuchukua chakula ili asisaidiwe. Wageni wawili wanaoomba chakula Uhehe mwaka huo ni wapelelezi mpaka ijulikane vinginevyo. Mlango unaofungwa na mama mwenye huruma lakini mwenye hofu utamuumiza msomaji vibaya sana.

MwanaKyela
Asanteni sana, hesabu ya tarehe inabadilisha sehemu yote ya mwisho. Je, wabebe nini? Nimewapa viazi mviringo, na wanalala kwenye msitu wa misonobari karibu na Mafinga.

Maktaba_Soweto_Mbeya
Misonobari ya Sao Hill ilipandwa karne ya 20, itoe. Pareto na chai pia usiviweke njiani. Badala ya viazi wape unga wa ulezi: gramu 400 kwa mtu kwa siku, siku tatu hadi vijiji vya Wakinga, jumla haifiki kilo mbili na nusu. Ongeza ndizi mbivu za siku ya kwanza. Maharage waache, kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi na kuni zina unyevu wa ukungu, hayaivi.

Ningewapa vyungu viwili vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, kutoka upande wa Ikombe. Kimoja cha kubadilishana kwa chakula. Cha pili kibebe moto: kaa la mti mgumu lililofukiwa kwenye majivu huishi saa nyingi, kuliko kupekecha moto kwa vijiti vyenye unyevu. Kaka akiteleza sura ya tatu na chungu cha moto kikavunjika, msomaji hahitaji kuelezwa usiku wa Kitulo utakuwaje. Chungu kilichobaki sasa kinatakiwa kwa moto na kwa chakula pia, na wanagombana. (Siti binti Saad, aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert, alitembeza vyungu kabla ya kuimba. Ni mzigo wenye heshima.)

Usisahau funza wa miguuni. Aliingia Afrika kupitia Angola mwaka 1872, akavuka bara hadi pwani yetu kabla ya karne kuisha, kwa hiyo kwa watu wa 1898 ni balaa geni. Hutolewa kwa mwiba, mzima na mfuko wake wa mayai. Ukipasuka ndani, kidole kinatunga usaha. Dada akichechemea, safari ya siku moja inakuwa mbili, na unga ulipimwa.

Tembea_Makete
Funza namuunga mkono, ila asiwe pamoja na baridi kali katika sura moja. Baridi Kitulo, funza Ubena, njaa na kushukiwa Uhehe. Na chungu kilichobaki kisivunjike. Kiuzwe.