Injini ya 2ZZ iliyochezewa: cheni ya taimingi itiwe orijino, mtumba au ya mashindano?

RunxMbweni
Assalam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuzifungua hizi injini kwa mikono yao.

Gari ni Toyota Runx Z, chesisi ZZE123, injini 2ZZ, gia sita za mkono. Imeshatembea kilomita 186,000. Kamshafti (shafti zinazofungua valvu) zimebadilishwa, springi za valvu ni ngumu kuliko za kiwandani, na kompyuta imepangwa upya, sasa inakata kwenye RPM 8,600. Tabo ya kusukumia hewa kwenye injini hamna, ingawa moyo unaitaka. Asubuhi nikiwasha, upande wa cheni unachakacha kidogo kisha unatulia. Wiki hii taa ya injini imewaka, kupimwa ikatoka namba ya hitilafu P0016. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe kasema cheni imevutika, tufungue.

Nna njia tatu. Darajani kuna mwenye duka ana cheni ya mtumba, imetoka kwenye nusu gari ya Japani, bei ya kutupa. Orijino naweza kuagiza Dar ikaja na boti. Halafu kuna jamaa anakwenda Dubai, kaona cheni "ya mashindano", jina la kampuni halikumbuki, bei mara mbili ya orijino. Wenzangu maskani wananambia orijino haitoiweza injini hii. Kweli?

SpanaYaAmani
Waalaykum salaam yakhe. Ya mtumba iache palepale ilipo. Cheni ikilala juu ya kaunta bila oili, kwa hewa yetu hii ya bahari, kutu inaingia kwenye pini na huioni mpaka uipinde. Na ingekuwa safi vipi, hujui imetembea kilomita ngapi. Unatoa iliyovutika unatia iliyovutika.

HamimNkuu
Uza, nunua IST, ulale usingizi 😂

BintiGereji
Maskani wanachanganya mambo mawili. Cheni ya taimingi haibebi nguvu inayokwenda kwenye tairi. Kazi yake ni kuzungusha kamshafti basi. Hata ungetia tabo, presha ile inakaa juu ya pistoni na konrodi, kwenye cheni haifiki moja kwa moja. Cheni inaumizwa na springi ngumu, kamshafti yenye miinuko mikali, na mizunguko.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni umebadilisha nini kule juu, wala si umeongeza farasi wangapi. Kutoka kikomo cha mwanzo cha 8,200 hadi 8,600 ni kama 5% tu, lakini nguvu inayoirusha cheni nje inakwenda kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo hapo umeongeza kama 10%. Kidogo si kidogo, lakini injini hii Toyota aliitengeneza pamoja na Yamaha ili izunguke: farasi wake 190 wanapatikana kwenye 7,600. Orijino mpya inaiweza hiyo kazi yako. Inayoshindwa ni orijino iliyochoka.

Na hilo neno "imevutika" lisikutishe, chuma hakijarefuka. Pini na vikombe vyake vimelika, kila kiungo kimepata nafasi kidogo, ukijumlisha cheni nzima inakuwa ndefu. Kamshafti zinachelewa, sensa ya kamshafti na ya krankishafti hazikubaliani tena, ndiyo P0016 yako. Oili chafu inaharakisha ulaji huo kuliko hata kukanyaga mafuta. Unabadilisha kila baada ya muda gani?

RunxMbweni
Ahsante dada. Mie nabadilisha kwenye 5,000, 5W-30. Aliyekuwa nayo kabla yangu sijui alikuwa akifanyaje.

BintiGereji
Basi hapo pengine ndipo ilipoliwa.

Kizimbani86
Samahani, kama mnataka kusema za mashindano hazina maana, mie sikubaliani. Zipo za kweli, zenye pini zilizotiwa ugumu zaidi, na mtu anayekaa kwenye 9,000 uwanjani anazihitaji.

BintiGereji
Hatugombani. Lakini yeye anakwenda Bububu na kurudi, na cheni yenyewe haina hata jina. Tsubaki na DID wa Japani, au iwis wa Ujerumani, hao cheni za injini ndiyo kazi yao. Ikija kwenye boksi lenye picha ya moto na haina chapa kwenye viungo, hiyo ni rangi tu umenunua. Na ikiwa ina kiungo cha kufungulia kama ya pikipiki, usiitie kabisa.

FundiWete
Salaam kutoka Pemba. Wote mmezungumza cheni, hakuna aliyeitaja tensheni, yaani kikaza cheni, nayo ndiyo inayochakacha asubuhi. Inasukumwa na presha ya oili. Injini ikilala, oili inashuka, ukiwasha cheni inacheza mpaka presha ifike. Ya injini za ZZ iko nje, nati mbili tu inatoka, kwa hiyo mtu anaweza kuibadilisha peke yake sauti ikapotea akadhani kamaliza. Kwako wewe, P0016 ishatoka, hiyo haitoshi.

Agiza vyote kwa pamoja: cheni, tensheni na oringi yake, reli zote mbili zinazoiongoza cheni, sili ya krankishafti ya mbele. Gia za kamshafti na ya krankishafti zitazamwe meno. Yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, cheni mpya italiwa upesi. Hesabu yangu mie: hizo fedha za ziada za cheni ya Dubai zitie kwenye gia za pampu ya oili. Za kiwandani kwenye 2ZZ zinajulikana kwa kupasuka mtu akikosea gia kwenye mizunguko mikubwa, na pampu iko nyuma ya kava hilohilo utakalolifungua. Umepandisha mpaka 8,600, usiifunge tena bila kuigusa.

Dukani nenda na namba ya chesisi. Usikubali "ZZ zote moja".

Fundi akifunga, pini ya tensheni inazuiwa na ndoano. Azungushe krankishafti kidogo kinyume, ndoano iachie, kisha mbele kwa mkono mizunguko miwili mizima, atazame alama tena kabla ya kugusa stata. Valvu za injini hii zinagongana na pistoni taimingi ikiruka. Asikuharakishe.

SpanaYaAmani
Pampu ya maji nayo inatoka hapo. Kama ina dalili ya kuvuja, badilisha.

RunxMbweni
Allah awalipe kheri. Naagiza orijino Dar pamoja na hivyo vyote, na gia za pampu nitatafuta za chuma kigumu. Kamshafti zangu zikibaki hizihizi, nirudishe kikomo 8,200 mpaka gia zifike?

FundiWete
Ami, kwa P0016 usiipandishe hata huko. Izungushe taratibu chini ya 4,000, au iweke ndani kabisa.

RunxMbweni
Haya. Na maunti ya kulia inayoshikilia injini lazima itoke?

FundiWete
Lazima. Injini ishikwe na jeki chini ya sampo (beseni la oili), katikati weka kipande cha mbao.