Naomba ushauri: nataka kuacha urubani nikalime parachichi Njombe

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni rubani, miaka 41, narusha ndege za pangaboi safari za ndani: Dar, Mwanza, Bukoba, Songea, kisha Dar tena. Mwaka wa 12 huu. Watu wakiona ile mistari minne ya ukapteni begani wanadhani nimeshamaliza maisha.

Kurusha ndege bado napenda. Kinachonichosha ni kuamka saa tisa usiku, na kila miezi sita kuingia kwenye simyuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege), injini moja inazimwa makusudi ndege ikipaa na mtahini amekukodolea macho. Halafu cheti cha afya: daktari akikuta hitilafu ya moyo, leseni yako inabaki karatasi. Mwaka jana presha ilinisimamisha miezi miwili. Toka hapo silali vizuri.

Nina ekari 4 na miche 300 ya parachichi aina ya Hass. Ile iliyobebeshwa (iliyoungwa na kikonyo cha mti mwingine) huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na ada za watoto hazisubiri. Mama watoto anasema nichukue likizo bila malipo kwanza. Lakini ukikaa siku 90 bila kupaa na kutua mara tatu, hubebi abiria mpaka urudi mazoezini. Si kama kuwasha pikipiki.

Mliotoka kwenye mshahara mzuri mkaingia shambani, mlianza na akiba ya miezi mingapi? Na wanunuzi wa parachichi wanalipa taslimu au ahadi? Ya "umelogwa" nimeshaambiwa na shemeji, inatosha.