Mwenye sonona aombewe kwanza au apelekwe kwa daktari?

Mwanzisha mada: Wakuu, tujadili bila matusi. Mtu akizidiwa na mawazo na huzuni hadi kuugua sonona, neno la kwanza analoambiwa ni "omba sana". Nasema neno hilo linawaumiza baadhi ya watu, na mimi ni muumini.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, aliwatenganisha waumini wa aina mbili: anayeona Mungu yuko naye kwenye shida, na anayejiona kaadhibiwa au katupwa. Wote wanasali. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 waliokuwa wamelazwa, wa miaka 55 kwenda juu. Waliohisi Mungu kawaacha walikuwa katika hatari kubwa kiasi ya kufa kuliko wenzao, hata baada ya kuzingatia ugonjwa wa kila mmoja. Sasa sonona yenyewe kazi yake ni kumnong'oneza mtu kwamba hafai. Ukija na wewe ukamwambia imani yake haba, umeisaidia.

Mchangiaji 1: Umevuta upande mmoja, mkuu. Nilipofiwa na mama, waliokuja ni watu wa ibada. Walikaa nami wiki nzima, wakaosha vyombo, hakuna aliyehubiri. Baadaye saa za sala ndizo zilizonitoa kitandani. Daktari gani angefanya hayo?

Mwanzisha mada: Soma tena ulichoandika: "hakuna aliyehubiri".

Mchangiaji 2: Freud, yule daktari wa Austria aliyechunguza akili za watu, alishamaliza mjadala huu mwaka 1927. Dini ni njozi, mtu mzima anamlilia baba. Tufunge mada.

Mchangiaji 3: Usifunge. Kuna watoto wa wazazi wakali ambao hata Mungu wao ni mkali, anahesabu makosa tu. Lakini wapo pia walioumizwa nyumbani wakampata kwa Mungu mlezi ambaye hawakuwahi kuwa naye. Huyu wa pili unamwambiaje kwamba ni njozi, wakati ndiyo iliyomkuza?

Mchangiaji 4: Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili. Nimewapokea walioacha dawa baada ya kuombewa, wamerudi hoi. Nimeona pia daktari akimcheka mgonjwa aliyesema Mungu kamkasirikia. Yule hakurudi tena kliniki. Na mwongozo wa magonjwa ya akili, DSM, wanaoutumia madaktari wa Marekani una kipengele cha matatizo ya kidini na kiroho tangu 1994, bila kuyaita ugonjwa, kwa hiyo cheko lile halikuwa hata la kitaalamu. Kiongozi wa dini akisema "meza dawa, nami nakuombea", mgonjwa anameza. Mimi nitasema mara kumi bure.

Mchangiaji 1: Hapo nimekuelewa. Ila wengi wa viongozi wetu hawajui sonona inafananaje. Wanaona uvivu, au dhambi. Nani anawaambia?

Mchangiaji 4: Wa kwangu nilimfuata mwenyewe baada ya ibada. Alinisikiliza dakika tano, kisha akaniuliza kuhusu mwanawe.