Msaada: nitapataje orodha kamili ya kuki za tovuti yetu?

Mkwaju
Wakuu, habari za muda huu. Kuna tovuti ya kampuni ndogo ya safari za mbugani, Arusha. Imejengwa kwa WordPress, na WooCommerce kwa ajili ya malipo ya awali. Ina video za YouTube, ramani ya Google, Google Analytics (takwimu za wageni) na pikseli ya Facebook (msimbo wa kufuatilia matangazo). Wakala wa Ujerumani anayeleta wageni anadai orodha ya kuki zote, yaani vile vipande vya taarifa ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari cha mgeni: jina, mwenye nayo, inadumu muda gani, kazi yake nini. Skana moja ya bure (huduma ya mtandaoni ya kukagua kuki) inasema 4, nyingine 17, na Chrome ya ofisini inaonyesha zaidi. Niamini ipi? Na kwa nini katovuti kadogo namna hii kawe na kuki nyingi hivyo? Natanguliza shukrani.

Fundi Seva
Mkuu, zote tatu zinaweza kuwa sahihi, kila moja imepima kitu chake. Skana nyingi za bure hufungua ukurasa wa mwanzo tu, hazibofyi chochote. Kikapu cha ununuzi hazikioni, video haziichezi. Chrome ya ofisini nayo imeingia kama msimamizi, kwa hiyo utakuta wordpress_logged_in_ na wenzake ambazo mgeni wa kawaida hapewi kabisa.

Usipimie kwenye dirisha fiche, hapo ndipo wengi wanapopotea. Chrome katika hali fiche huzuia kuki za watu wa nje (za vikoa vingine, kama YouTube) bila kuambiwa, utapata hesabu pungufu. Tengeneza wasifu mpya wa Chrome, usioingia akaunti yoyote wala kuwa na viendelezi, na hakikisha kwenye mipangilio kuki za nje hazijazuiwa. Kisha:

1. Bonyeza F12 kabla ya kufungua tovuti. Kwenye Network weka tiki Preserve log, la sivyo kila ukibadili ukurasa kumbukumbu inafutika.
2. Fungua ukurasa wa mwanzo, bango la idhini (linalomuuliza mgeni akubali au akatae kuki) usiliguse. Nenda Application, kisha Cookies. Nakili kilichopo.
3. Kubali kwenye bango, nakili tena.
4. Cheza video, sogeza ramani, weka safari kwenye kikapu, fika hadi ukurasa wa malipo. Nakili kila hatua.

Safu unazozihitaji ni Name, Domain na Expires. Palipoandikwa Session maana yake inakufa kivinjari kikifungwa. Usitumie document.cookie kwenye konsoli kama mkato: haionyeshi zenye HttpOnly (zilizofichwa JavaScript) wala za vikoa vya nje.

Bi Nukta
Naongezea kwa Fundi Seva: safu ya Domain usiichukulie kama jina la mwenye kuki. _ga na _fbp zitaonekana zina jina la tovuti yenu, ila zinaandikwa na skripti ya Google na ya Meta (wenye Facebook). Wakala anataka kujua taarifa zinakwenda kwa nani, kwa hiyo waandike hao.

Kwa mchanganyiko ulioutaja, tegemea hizi. WordPress yenyewe haimpi mgeni kitu mpaka aingie akaunti au aache maoni. WooCommerce inaweka woocommerce_items_in_cart na woocommerce_cart_hash, zote za Session, pamoja na wp_woocommerce_session_ ya siku 2. Halafu kuna kundi la majina yanayoanza na sbjs_. Hizo zilikuja na toleo 8.5, mwaka 2024, na kazi yake ni kufuatilia mteja alitokea wapi kabla ya kununua. Ni saba, na ndizo zinazowapandishia watu hesabu bila wao kujua. Kikapu hakizihitaji. Zima Order Attribution kwenye mipangilio ya WooCommerce, sehemu ya Advanced, kisha Features.

Analytics ni _ga na nyingine inayoanza na _ga_ ikifuatwa na kitambulisho chenu. _fbp ni siku 90. YouTube huleta YSC na VISITOR_INFO1_LIVE.

Muda wa _ga utakuchanganya. Google wameiwekea miaka 2, Chrome tangu 2022 haikubali kuki izidi siku 400, na Safari inazipa siku 7 tu kuki zinazoandikwa na JavaScript. Andika miaka 2, kisha tanbihi fupi.

Kibodi Moto
Mnamchosha bure. Weka plagini (programu ya nyongeza ya WordPress) ya bango, maisha yaendelee. Tovuti zote duniani zina kuki.

Fundi Seva
Mkuu, kuki za kikapu na za kuingia akaunti hata sheria ya Ujerumani, kifungu cha 25 cha TDDDG (sheria yao ya faragha mtandaoni), haizidai idhini. Zinazohitaji idhini ni hizo za takwimu na matangazo. Na bango peke yake halizuii kitu. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishasema kwenye kesi ya Planet49, Oktoba 2019, kwamba kisanduku kilichotikiwa tayari si idhini. Sasa bango linalotokea wakati _ga imeshakaa ndani lina nafuu gani?

Ndiyo maana ya hatua ya 2 pale juu. Ukiona _ga au _fbp kabla hujagusa bango, sababu huwa mbili. Ama mtu alibandika msimbo wa Analytics moja kwa moja kwenye header.php (faili la sehemu ya juu ya kila ukurasa), plagini ya bango haiufikii. Ama plagini ya kuongeza kasi imeunganisha JavaScript zote kuwa faili moja, na bango linashindwa kuitambua ya kuzuiwa. Toa msimbo kwenye header.php uupitishe ndani ya plagini ya idhini, na skripti za ufuatiliaji uzitoe kwenye kuunganishwa.

Bi Nukta
Video: badili anwani ya kupachika iwe youtube-nocookie.com. Afadhali zaidi weka picha tupu, video ipakiwe mgeni akibofya. Ramani ifanye picha yenye kiungo, hata simu ya bei rahisi itashukuru.

Kwetu Tanzania pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Orodha hiyohiyo itawafaa.

Mkwaju
Asanteni sana. _ga ilikuwepo kabla ya bango, na ni header.php kweli. Nimehamisha. Ila sasa nikikataa kwenye bango, kikapu kinabaki tupu kila nikiongeza safari.

Fundi Seva
Plagini imezitupa kuki za WooCommerce kwenye kundi la matangazo, au la zisizojulikana. Zihamishie kundi la lazima, zile tatu za kwanza alizotaja Bi Nukta, si za sbjs_. Ukiwa humohumo, hakikisha kurasa za kikapu, malipo na akaunti hazihifadhiwi na plagini ya kache (inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka), maana mgeni mmoja anaweza kuonyeshwa kikapu cha mwingine. Kisha futa kache yote, fungua wasifu mwingine mpya, bofya Kataa, ujaribu kununua mpaka mwisho.