Naomba ushauri: Kalymnos na watoto wanaopanda miamba, na bibi asiyepanda

MamaWawili
Habari zenu. Tunaishi Munich, na likizo ya mwezi wa 10 tunataka kwenda Kalymnos, Ugiriki. Watoto (miaka 9 na 13) wamezoea kupanda ukuta wa ndani, mwamba wa nje bado. Tutakuwa na mama mkwe kutoka Tanga, magoti yanamsumbua. Sitaki ashinde hotelini akilinda mabegi. Tupangeje?

KambaNdefu
Dada, mwezi huo ni mzuri, jua kali la kiangazi cha kule linakuwa limepungua. Shukeni kwa ndege kisiwa jirani cha Kos, nendeni bandari ya Mastichari, mvuke kwa boti hadi Pothia, mji mkuu wa Kalymnos. Laleni kijiji cha Massouri, miamba mnaifikia kwa miguu. Mingi ya pale inatazama magharibi: asubuhi kivuli, mchana jua tupu. Amkeni mapema.

Kamba iwe ya mita 80, kwani njia nyingi za kupandia ni ndefu. Na mwisho wa kamba pigeni fundo, kila mara! Kamba fupi isiyo na fundo ikimponyoka anayeishika chini wakati wa kumteremsha mtoto, mtoto anaanguka. Kofia ngumu avae hata aliye chini, mbuzi huporomosha mawe. Siku ya kwanza lipieni mwongozaji, nje si kama ukumbini.

BintiMwambao
Naomba nimtetee bibi. Makumbusho ya Akiolojia ya Pothia yana sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamke aliyejitanda nguo, iliyonaswa na wavu wa mvuvi mwaka 1994. Mtu wa Tanga hadithi hiyo itamgusa. Aone pia mambo ya wazamiaji wa sponji za baharini, maana ndio waliokijenga kisiwa. Vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba lilipofika karne ya 19, walizama kina kirefu na kupanda haraka mno. Wengi walipooza au kufa.

Ila msipange kupanda asubuhi na makumbusho jioni. Ugiriki mengi hufungwa mapema mchana, na siku moja ya wiki hayafunguliwi kabisa. Yapeni siku nzima ya mapumziko, vidole vya watoto navyo vipone.

MamaWawili
Asanteni sana. Na kisiwa kidogo cha jirani, Telendos, bibi ataweza?

KambaNdefu
Ataweza. Boti ya kutoka Myrties, kijiji jirani na Massouri, ni dakika chache tu, na migahawa iko pale pale ufukweni. Mwambieni kwamba zamani ilikuwa nchi moja na Kalymnos, tetemeko la mwaka 554 likaitenga. Ninyi mkienda mwambani, yeye ale samaki.