Fundi wa fanicha Keko: nifanyeje ili kurasa zangu ziwe na sura moja na jina lishike?

Seremala_Keko

Habari wakuu. Nina karakana ya fanicha Keko, Temeke. Natengeneza vitanda, makabati ya nguo na meza za chakula, nyingi za mninga na mkongo. Za bei nafuu ni paina. Instagram ipo, TikTok ipo, WhatsApp ipo, ila kila sehemu ina sura yake. Instagram natumia jina moja, TikTok jingine, na mtu akinilipa kwenye lipa namba linatokea jina langu la kuzaliwa. Posti moja ina maandishi mekundu, ya pili ya njano yenye maua, ya tatu ni picha niliyoitoa Pinterest kuonyesha mtindo ninaoweza kutengeneza. Watu wanapenda, wanauliza bei, kisha kimya. Hata mteja aliyeridhika akinielekeza kwa mwenzake anasema tu "yule fundi wa Keko", na Keko mafundi tumejaa. Nianzie wapi, na kipi hakina haraka?

Picha_na_Mbao

Mkuu, anza na hizo picha za Pinterest. Ziondoe zote leo, hata kama ndizo zinazopendwa kuliko nyingine. Mteja wa fanicha Dar ameshaumizwa sana: anaonyeshwa kochi hili, analetewa lile. Akikuta kwako picha aliyokwisha kuiona kwenye kurasa nyingine tano, anakuweka kundi moja na waliomuumiza. Tena picha ya kuazima huwezi kuirudia. Ukuta si wako, mwanga si wako, sakafu si yako, kwa hiyo ukurasa hauwezi kuwa na sura moja hata ukichagua rangi nzuri kiasi gani. Mteja akikuletea mwenyewe picha ya Pinterest, mtengenezee, halafu posti ulichotengeneza.

Sura moja inaanzia karakana. Tenga ukuta mmoja wenye upana wa mita 3 hivi, upake rangi ya maji isiyong'aa, kijivu chepesi au krimu. Rangi ya mafuta inaakisi mwanga na kuacha doa jeupe nyuma ya kitanda. Nyeupe kabisa nayo ina shida yake: simu inaona mwanga umezidi, inapunguza, na mkongo unatoka mweusi kama mkaa. Chora alama sakafuni za sehemu ya kuweka fanicha na sehemu ya kusimama mpiga picha, ili hata kijana wako akipiga, picha zifanane.

Piga asubuhi, kati ya saa 2 na saa 4, mlango ukiwa wazi na taa za ndani zimezimwa. Mwanga wa nje una ubluu na wa balbu nyingi una unjano. Ukivichanganya, simu inakisia, na mninga ule ule unatoka wa chungwa leo, kesho kahawia. Gusa mbao kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Usitumie lenzi ya 0.5, ile ya pembe pana. Inapindisha miguu iliyo karibu na ukingo wa picha na kufanya kitanda cha futi 5 kionekane cha futi 7, kisha mteja anakipokea nyumbani na kuona amepunjwa. Tumia 1x, rudi nyuma mita 3 hadi 4, simu iwe usawa wa kiuno.

Kila kazi iwe na picha sita, kwa mpangilio ule ule kila mara: nzima kwa mbele, nzima kwa pembe, kiungio kwa karibu, droo au mlango ukiwa wazi, futi kamba ikiwa juu ya fanicha, na ya mwisho ni upande wa chini ambao haujapigwa vanishi. Hiyo ya mwisho wengi hawaiweki, na kwa maoni yangu ndiyo itakayokutenganisha na wengine. Mjini kuna paina nyingi iliyopakwa rangi ikauzwa kwa jina la mninga. Geuza ubao wa ubavuni wa kitanda, upige pale palipo na alama za randa na vumbi la msasa bado halijafutwa. Paina itaonyesha weupe wake na vifundo vya matawi. Mninga utaonyesha kahawia yake hadi ndani. Posti za paina nazo ziwe na picha hiyo hiyo, na uandike wazi kuwa ni paina. Mtu akishazoea kuona upande wa chini kwenye kila posti yako, akienda ukurasa mwingine ataanza kuuulizia.

Vipimo: acha kamera ya simu kwenye 3 kwa 4, wima. Tangu 2025 Instagram inaonyesha picha za ukurasa kwa umbo hilo, kwa hiyo hutahitaji kukata kitu. Video ziwe 1080 kwa 1920, na maandishi yakae katikati, maana chini na kulia TikTok inafunika kwa vitufe na maelezo yake.

Mama_Fremu

Kaka, aliyetangulia amemaliza upande wa picha. Huo ukimya unaousema unatoka kwenye "bei njoo DM", yaani mtu aulize bei kwa ujumbe wa faragha. Mtu yuko kwenye daladala, anataka kujua kama kitanda kiko ndani ya uwezo wake. Akiona hakuna bei anapita, na hata akiuliza, ukimjibu baada ya saa sita ameshauliza kwingine.

Maelezo chini ya picha yawe na mpangilio mmoja usiobadilika. Mfano: "Kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6. Chaga za mninga, vanishi isiyong'aa. Sh 950,000 kwa bei ya mwezi huu. Kinatengenezwa siku 10 baada ya malipo ya nusu. Kupeleka ndani ya Dar kunalipiwa kulingana na umbali." Halafu namba ya simu. Mstari wa kwanza uwe na aina ya mbao na kipimo, kwa sababu Instagram inakata maelezo baada ya mstari au miwili, na wengi hawabonyezi kusoma zaidi. Kule kuweka "bei ya mwezi huu" kunakukinga mbao zikipanda, maana posti inabaki pale na mtu atakuja nayo mwakani.

Rangi za maandishi chagua mbili tu, aina ya herufi moja. Andika namba za rangi, zile za herufi na tarakimu sita, kwenye daftari na uziweke kwenye Canva, programu ya kutengeneza posti. Ukichagua kwa macho kila mara, baada ya miezi michache una kahawia nne.

Randa_Msasa

Nakubaliana na Mama_Fremu kwa vitanda na meza, ila kwa makabati ya ukutani na kazi za vipimo vya mteja, bei kamili itakuletea ugomvi. Andika bei ya kuanzia na useme inahesabiwa kwa nini: kabati la upana wa futi 6, milango mitatu, bila kioo, bei kadhaa, kila droo ya ziada inaongeza kiasi fulani. Hapo mteja anapiga hesabu mwenyewe.

Wakala_wa_Jina

Ngoja niguse jina, kwa sababu hapo ndipo fedha inapopotelea. Mteja anayetuma nusu ya malipo kwa fundi ambaye hajawahi kuonana naye anasoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukurasa ukionyesha jina la karakana na simu ikaonyesha jina la mtu asiyemjua, anasimamisha muamala. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa mtandao, upate leseni na TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, kisha uombe lipa namba itoe jina hilo.

Kabla ya kusajili, litafute jina hilo Instagram, TikTok, Facebook na Google Maps siku moja. Kama limechukuliwa hata sehemu moja, chagua jingine sasa, usije ukaongeza nukta na tarakimu huku na kule. Liwe linatamkika kwenye simu bila kutaja herufi moja moja. Sehemu ya jina kwenye Instagram, tofauti na ile ya mtumiaji, inasomwa na utafutaji, kwa hiyo andika jina lako likifuatwa na "fanicha za mbao Keko". Maelezo ya juu yana nafasi ya herufi 150. Weka mbao, mahali, namba, basi.

Usichanganye jina la biashara na alama ya biashara. Cheti cha jina hakimzuii mwingine kuchora nembo kama yako. Alama ya biashara inaombwa peke yake, pia BRELA. Kwenye orodha ya madaraja ya bidhaa, fanicha ziko daraja la 20. Usajili wa kwanza Tanzania Bara ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Hauvuki kwenda Zanzibar: kule unaomba BPRA, wakala wa usajili wa huko. Hili halina haraka kwako. Jina la biashara na lipa namba vifanye mwezi huu. Alama isubiri mpaka nembo iwe imetulia, kwa sababu ukibadilisha mchoro sana inabidi uombe upya.

Seremala_Keko

Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Mawili yamebaki. Nashinda kwenye mashine, ratiba gani naweza kuimudu? Na posti za zamani nifute?

Mama_Fremu

Posti tatu kwa wiki zinatosha, mradi siku zisibadilike. Jumatatu kazi iliyokamilika. Jumatano hatua moja ya kazi kwa video ya sekunde 20 hadi 40: ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu lake, au kipima unyevu kikisoma asilimia 12 kwenye ubao kabla haujakatwa, na ueleze kwamba mbao mbichi itakauka chumbani kwa mteja na mlango wa kabati utaacha kufunga. Ijumaa jibu swali moja lililoulizwa WhatsApp wiki hiyo. Fanicha watu hununua kwa nadra, wengine wanakufuata miezi mingi kabla ya kuhamia nyumba mpya. Ukiposti kila siku kwa wiki mbili kisha ukapotea miezi miwili, wakati wao wa kununua ukifika wanakuta ukurasa unaofanana na karakana iliyofungwa.

Picha zote piga asubuhi moja kabla kazi haijapakiwa kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo. Ikishaondoka, nafasi ya kuipiga kwenye ukuta wako imepita. Video ihifadhi kwenye simu kabla ya kuipandisha popote. Ukiipakua kutoka TikTok ikiwa na nembo yake, Instagram haiisambazi sana.

WhatsApp iwe ya Biashara, picha ya nembo ile ile. Katalogi inabeba bidhaa 500, wewe weka 15 unazotengeneza mara kwa mara, na maelezo yanakiliwe neno kwa neno kutoka Instagram. Tengeneza majibu ya haraka matatu: bei na muda, mahali ulipo, masharti ya malipo. Orodha ya kutuma kwa wengi inafika kwa watu 256 tu, na ni wale waliohifadhi namba yako peke yao, hivyo siku ya kupeleka mzigo mwombe mteja aihifadhi kwa jina la karakana.

Picha_na_Mbao

Za zamani usifute, zihifadhi kwenye kumbukumbu ya Instagram. Zinafichika na unaweza kuzirudisha. Acha zile tu ambazo ni kazi yako mwenyewe na picha yake haidanganyi rangi ya mbao, hata kama ukuta ni tofauti. Zikibaki kumi, zinatosha. Bandika tatu juu: kitanda chenye bei, video ya kiungio, na posti moja inayoeleza hatua za kuagiza kuanzia vipimo hadi kupokea. Picha zilizopigwa nyumbani kwa mteja omba ruhusa yake kwa ujumbe wa maandishi kabla ya kuziweka, na ukate sehemu yoyote inayoonyesha familia au namba ya nyumba.

Nembo ijaribu kwa kuipunguza mpaka iwe na upana wa ukucha wa kidole gumba, maana ndivyo mteja atakavyoiona kwenye simu, tena ndani ya duara. Kama ina randa, msumeno, nyundo na jina refu, hapo haitasomeka. Bakiza herufi mbili au kifaa kimoja. Ichongeshe chuma cha moto cha ukubwa wa sentimita 4, upige mhuri upande wa ndani wa kila ubavu wa kitanda, pale pale unapopiga ile picha ya upande wa chini.

Seremala_Keko

Chuma cha moto hicho nimekielewa. Kesho naanza na ukuta.